Mwewe na Jagi la Mkewe

Ndugu waombolezaji, mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwewe, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, kitinda mimba wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha chuo cha ufundi, alikojulikana kwa ufupi wa kimo na urefu wa ubishi.

Mwaka 1979 aliajiriwa bandarini kuendesha kreni, na tangu hapo mfupi yule akawa anatazamwa na wakubwa wake kwa kuinua shingo, akikaa peke yake kibandani kutwa nzima, na kwa kuwa choo kilikuwa chini, alijizoeza, kama wenzake wote wa kreni, kutokunywa maji mpaka ashuke.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na mshona mapazia, ambaye kila jioni alimpokea mlangoni na jagi la maji, asimruhusu kuketi kabla hajalimaliza, naye alinung'unika na kunywa, na mapenzi yao yalikuwa hayo. Walijaliwa binti na mwana, ambao kazi ziliwapeleka mbali. Mkewe alifariki tarehe 2 Juni 2016, mwaka uliofuata marehemu akastaafu, akashuka kwenye kreni lakini maji hakuyarudia, maana mazoea yana taabu. Jagi lilibaki kabatini, na tuseme ukweli, mzee alikuwa mpweke.

Tarehe 9 Februari 2024 alishikwa na homa na kuhara, akanunua dawa za maumivu, akazimeza kwa funda moja la maji, akajilaza bila kumsumbua mtu, hadi tarehe 12 jirani alipomkuta amelegea, anaweweseka. Watoto walipofika hospitali, daktari aliuliza mzee amekojoa lini mara ya mwisho, binti akamtazama kaka yake, hakuna aliyejua, ndipo marehemu akafumbua macho akasema, "Aliyekuwa anajua mambo yangu keshatangulia."

Vipimo vya damu vilionyesha taka zimejaa mwilini, lakini picha ikaonyesha figo zenye ukubwa wa kawaida, yaani hazikuugua miaka mingi, zilizimika ghafla kwa kukosa maji na kwa dawa zile, na daktari alieleza kwamba figo za namna hiyo zikiwahiwa huweza kuamka. Aliongezewa maji, damu ikasafishwa, tarehe 15 mkojo kidogo ukatoka, familia ikashangilia kama iliyopata mtoto, lakini moyo ulikuwa umechoka, na tarehe 17 Februari alifariki, binti yake akiwa amemshikia kikombe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani aliyegonga mlango, na wenzake wa bandarini.

Mzee wetu, zamu imekwisha, shuka, mwenye jagi anakusubiri mlangoni, pumzika kwa amani.