Mama Lami, Mpelelezi wa Mafuta ya Ufukweni

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa maabara yetu ya maji ya bahari anastaafu. Wahasibu wanalijua jina lake rasmi. Sisi wengine tunamwita Mama Lami, naye huitika bila kinyongo.

Aliajiriwa akiwa mkemia kijana, wakati ambapo mabonge meusi yakionekana mchangani kila mtu alinyooshea kidole meli iliyo karibu. Yeye alikataa. Mafuta, alitufundisha, yana ukoo: yaliyooshwa kwenye matangi ya meli, yanayovuja kutoka chombo kilichozama zamani, yanayochuruzika yenyewe chini ya bahari, yote yana nasaba ambayo mashine zetu huisoma. Akaweka sheria: anayemtaja mkosaji kabla ya majibu kutoka, anaosha chupa zote za wiki. Mkurugenzi mmoja aliziosha mara mbili, tai shingoni.

Kuna mwaka ufukwe wa kuogelea ulichafuka vibaya. Mji mzima ulikuwa umeshahukumu. Meli moja ya mizigo ilizuiwa bandarini na mabaharia wake wakakatazwa kushuka. Mama Lami alichukua sampuli melini, kisha akaufuata mtaro wa maji ya mvua kutoka ufukweni hadi mtaa wa gereji. Majibu yalilingana na oili chafu ya injini, na nyingi yake ilitoka nyuma ya gereji ya mdogo wake, kitindamimba aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki.

Wahenga walisema msema kweli hana wajoli, yaani hana marafiki. Hawakusema kama anapata usingizi. Alimwomba naibu wake arudie vipimo vyote bila yeye kuwepo. Majibu yakawa yale yale, akatia sahihi. Meli ikaachiliwa, gereji ikafungwa kwa miezi kadhaa, na mdogo wake akaapa hatakanyaga tena nyumbani kwake. Hakukanyaga, hata kwenye harusi ya mpwa wake. Mama Lami aliendelea kututania kazini kama kawaida, nasi tuliumia kwa niaba yake.

Mwezi uliopita fundi mmoja mwenye mvi alifika mapokezi na chupa ya maji ya mtaro. Siku hizi, alisema, oili chafu yote wanaimwaga kwenye mapipa na inachukuliwa na lori, lakini hataki kujisifu kwa mdomo; anaomba dada yake apime. Kipimo dada alimwachia naibu, kama kanuni inavyotaka. Yeye alivua koti jeupe, akashuka ngazi haraka kuliko tulivyowahi kumwona.

Majibu yalitoka jioni, maji safi kabisa. Hatukuwa na wa kumpa: wale wawili walikuwa wameshakwenda nyumbani kwa dada.

Asante, mkuu wetu, kwa kutufundisha ukweli na gharama yake. Pumzika na watu wako. Maisha yaliyo mbele yawe mema.