Msumari wa Kibuyu: Maisha ya Mama Bilhah Chelang'at Rono, 1946–1997

Mama Bilhah alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 karibu na Sosiot, Belgut, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee arap Maritim. Alianza shule mwaka wa 1954 na kufika darasa la nane. Alidai hesabu ndiyo iliyomshinda, ingawa idadi ya ng'ombe wa jirani hakuikosea hata siku moja.

Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa na Bwana Zacheus Kipkemoi Rono, wakafanya makao hapa Bomet. Alichuma chai yao kwa miaka mingi, na mursik yake, maziwa aliyoyagandisha kibuyuni, ilijulikana kanisa zima. Kibuyu chake kilitundikwa kwenye msumari jikoni, na ole wako ukikigusa.

Mapema 1995 mgongo ulianza kumuuma. Sote tulilaumu kikapu cha chai. Siku moja akamwambia mumewe, "Baba Isaiah, teremsha hiyo msumari kidogo. Mkono haifiki."

Mzee akacheka. "Kwani unarudi utoto, Mama Isaiah?"

Akauteremsha. Kufikia Oktoba 1996 alikuwa ameuteremsha mara tatu, na mara zote tatu alicheka. Mzee mwenyewe ameomba jambo hili lisomwe leo mbele yenu.

Mwezi wa Novemba, hospitalini Nakuru, damu yake iliyosimamishwa kwenye mrija ilizama milimita 128 kwa saa moja, ishara kwamba mwili ulikuwa unawaka ndani kwa ndani. Picha zikaonyesha mifupa iliyotobokatoboka na pingili za mgongo zilizobonyea. Ilikuwa saratani ya damu, ile adimu inayoanzia kwenye uboho. Daktari akauliza mama amepungua urefu tangu lini.

"Tarehe sijui, daktari," Mzee Zacheus akasema. "Mimi nimeteremsha msumari mara tatu." Akalia mbele ya watu.

Mama alitibiwa miezi tisa, akavumilia maumivu yasiyosemeka. Alituacha nyumbani, Jumanne tarehe 12 Agosti 1997, saa mbili asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana binti yao Dorine alitaka kuurudisha msumari juu. Baba yake akamzuia: "Wacha hapo. Hapo ndio mama yako alifikisha mkono."

Ameacha mume, Mzee Zacheus, watoto Isaiah, Dorine na Shirley, wajukuu wanne, na dada yake, Mama Rael wa Londiani.

Mungu ampumzishe kwa amani, na mgongo wake usiume tena.