Fundi Clemensi na Maji ya Betri

Wasikilizaji wapendwa, habari za saa hizi. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kijiweni na pikipiki yako, zima huo muziki unaokula betri, unisikilize bibi yako. Leo tunamkumbuka Fundi Clemensi, fundi betri wa Karatu. Tumemzika Rhotia Jumamosi iliyopita. Fundi Clemensi, fundi betri, miaka sitini na miwili.

Kibanda chake wengi mnakijua. Mezani kulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Ilikuwa ya mkewe, mama Selina. Kila betri iliyotoka pale iliandikwa tarehe kwa rangi ile. Mama Selina anasema, "Niliinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nimepaka mkono mmoja tu, naenda kugeuza ugali, kurudi naikuta inaandika betri. Nilikwenda harusini na mkono mmoja mwekundu."

Tarehe ya nini? Ya kuzaliwa. Fundi alikuwa akisema betri ya pikipiki huishi miaka miwili, mitatu. Ukiitunza, minne, hata mitano. Narudia, wapendwa: miwili, mitatu, ukiitunza hata mitano. Usipojua ilizaliwa lini, utajuaje kama imezeeka au umeiua?

Asubuhi za Karatu mnazijua, ukungu na baridi. Vijana walipita kibandani wakibonyeza kitufe cha kuwashia, wanabonyeza tena na tena. Fundi anatoka na kikombe chake cha chai.

"Piga kiki, wewe, usiimalize betri!"

"Mzee, mguu unauma."

"Mguu ukiuma unakuambia. Na betri ikiumia, itakuambia?"

Wanacheka, wanapiga kiki. Ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri aliuosha kwa magadi na maji ya vuguvugu, kwa mswaki mkuukuu, kisha akapaka grisi. Betri za wanaokwenda Sale na Digodigo alizifunga kwa mpira wa tyubu, zisirukeruke kwenye mawe. Na ukimwambia pikipiki italala mwezi mzima, alikufungulia waya mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lile lililomkosesha raha.

Alikuwapo mteja mmoja, Simel, mfugaji wa Ololosokwan. Huko ni mbali, wasikilizaji, kwa hiyo ushauri ulikwenda kwa simu. Siku moja Simel akapiga: "Fundi, betri imepungua maji." Clemensi akajibu kama tunavyojibu wote: "Ongeza maji ya betri, baba." Simel akaenda dukani, akaomba maji ya betri. Akapewa chupa. Akaongeza.

Wiki tatu baadaye, alfajiri, mkewe Nanyokie akashikwa na uchungu. Simel akabonyeza kitufe. Tk, tk, tk. Kiki ilikuwa imekatika siku nyingi. Wakaisukuma pikipiki mteremko mzima, ikakataa. Wakatembea. Nanyokie akajifungulia kando ya barabara, akishikwa na mama mkwe wake, damu ikitoka nyingi. Gari la kubeba maji likapita, likawafikisha zahanati. Mungu ni mwema, mama alipona. Mtoto wa kike akapona. Wakamwita Nashipai.

Mwezi ulipoisha, Simel akaja Karatu na betri ndani ya mfuko wa salfeti. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani.

"Fundi, ulisema maji ya betri. Nimeweka maji ya betri."

"Uliweka yapi, baba?"

"Kwani yako mangapi?"

Mama Selina alikuwapo. Anasema mumewe alikaa chini, chai ikampolea mkononi. Maana yako mawili, wapendwa, na dukani yote yanaitwa maji ya betri. Kuna maji makali, tindikali yenyewe, hutiwa mara moja tu, siku betri inaanza kazi. Na kuna maji yaliyosafishwa, ndiyo ya kuongeza kila yanapopungua. Simel alipewa makali. Aliongeza makali juu ya makali, betri ikaungua kwa ndani.

Fundi akamweleza yote. Simel akafikiri, halafu akasema, "Kumbe hayo makali ni dang'a." Yaani yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe, ambayo ndama hunyonya anapozaliwa, basi. "Ndama akikua unamnywesha maji, humrudishii dang'a."

Clemensi akasimama. "Rudia hapo, baba."

Tangu siku ile hakutaka maji ya betri yaitwe hivyo mbele yake. Ukiomba, aliuliza: "Dang'a au ya kunywesha?" Alizunguka maduka ya Karatu na kichupa chake cha rangi, akaandika kwenye chupa: D kwa dang'a, K kwa kunywesha. Wenye maduka walimtania: "Fundi, umekuwa mfugaji?" Alijibu, "Mama mmoja alikaribia kufa kwa mdomo wangu." Alitaka jambo moja tu, asipotee mtu mwingine kwa neno lake.

Simel alipewa betri mpya siku ile, yenye tarehe nyekundu. Betri na Nashipai wakawa rika moja. Betri ile imefanya kazi miaka mitano na miezi miwili. Imekufa mwezi uliopita, wiki mbili kabla ya fundi.

Jumamosi, baada ya mazishi, Simel alikuwa bado uani, na Nashipai kando yake. Alikuja kwa kiki, ametengeneza kiki siku hizi. Mama Selina akasema huyu hatarudi Ololosokwan bila betri. Akamwita Yohana, aliyejifunza kazi kwa marehemu. Na kwa ule uchovu wa msiba akasema, "Yohana, lete betri mpya na maji ya betri."

Nashipai akamtazama. "Bibi, dang'a au ya kunywesha?"

Mama Selina akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano alipofiwa, akicheka na machozi yakimtoka. "Dang'a, mama. Huyu ni mtoto mchanga." Kisha akaomba kile kichupa chekundu, akaandika tarehe kwa mkono wake.

Mama Selina, watoto, na ninyi nyote wa vijiweni mliomsindikiza, poleni. Tunalia pamoja nanyi. Na sisi tuliobaki tujiulize leo: ni neno gani tunalolitupa kwa simu haraka haraka, na huko linakofika, linasikika vipi? Mwenzako akikuuliza yako mangapi, usimcheke. Kaa chini, umweleze.

Lala salama, Fundi. Neno lako limefika.