Sauti Iliyoita Watu Burungu: Maisha ya Habineza Nzabandora

Leo, Jumamosi tarehe 11 Juni 2022, tunamzika hapa Burungu Habineza Nzabandora, mwalimu wa sheria ya habari. Mimi ni Pétronille, dada yake mkubwa. Wengi wenu mlisikia redioni kwamba amefariki, na papo hapo mkamsikia yeye mwenyewe akiwaita. Nitafika hapo. Mama ameomba jambo hilo lisemwe wazi mbele ya kaburi, maana kuna nyumba ambazo tangu juzi hazijathubutu kuwasha redio.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, hapa hapa Burungu, mtoto wa pili wa Papa Nzabandora, aliyetutangulia, na Mama Libérata. Alichelewa sana kusema. Mama alimbeba mgongoni shambani akimtajia kila kitu, jembe, maharage, mvua, naye kimya. Majirani walianza kumhurumia. Alipofungua kinywa, basi, hakukifunga tena. Papa akiwasha redio, Habineza alibishana na mtangazaji mpaka sisi wengine tukakosa habari.

Alisoma shule ya msingi hapa, na sekondari Masisi, alikopata diploma yake mwaka 1998. Vita vilimchelewesha, lakini mwaka 2007 alipata lisansi, yaani shahada, ya sheria huko Goma, akabaki chuoni kufundisha.

Tarehe 19 Desemba 2009 alifunga ndoa ya kanisani Butembo na Kyakimwa Kétsia. Baba mkwe, Papa Mbusa, mfanyabiashara mwenye duka na malori, alimuuliza siku ya kwanza: “Redio nayo iko na sheria? Na mimi yangu huwa naizima tu?” Habineza alimweleza hadi chakula kikapoa. Mzee alimpa binti, nadhani ili apate kula. Mungu aliwajalia watoto wawili, Cindy na Tuyishime.

Pamoja na walimu wenzake alianzisha chama chao cha sheria ya habari, ambacho hukutana kila mwaka. Nilihudhuria mkutano wa Agosti 2021, nikitarajia kusinzia. Siku hiyo alimleta Mama Généreuse kutoka Omate, kule Walikale. Mume wake, mchimbaji, aliwahi kutoa salamu redioni, kisha udongo ukamfunika shimoni. Redio iliendelea kufungua kipindi kwa salamu zile zile. Mama Généreuse alisimama mbele ya wasomi akasema: “Bwana yangu iko anasalimia watu kila asubui, na mimi njo nilimuzika. Batoto banakimbia ku mulango kumupokea.” Kabla ya kuachana, chama kilikubaliana na redio za vijijini kwamba sauti ya marehemu haitarushwa mpaka familia yake iulizwe. Tena Habineza akapendekeza mkutano wa 2022 usifanyike Goma bali hapa Burungu, mwezi wa nane, ili watu wa Masisi na Walikale waje kusema wenyewe. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote.

Mwezi wa nne mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alijua hali yake kuliko alivyotuambia. Kabla ya kulazwa alipita redioni, akarekodi tangazo la mkutano kwa sauti yake. Alifariki hospitalini Goma, Jumatano tarehe 8 Juni, alfajiri, Kyakimwa akiwa amemshika mkono.

Asubuhi ya Alhamisi redio ilisoma tangazo la kifo. Baada ya hapo, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuliondoa, likafuata lile jingine: “Mimi Habineza. Mukuye wote Burungu. Niko nawangojea.” Nilikuwa jikoni. Niligeuka nikidhani yuko mlangoni. Kijijini watu walipiga ishara ya msalaba. Mpaka jioni ilisemwa kwamba marehemu anaita watu wamfuate, na kwamba atakayekwenda kwenye mkutano huo hatarudi. Sikuwahi kukasirika hivyo, na sikuwahi kuogopa hivyo.

Mkurugenzi wa redio alizima tangazo akaja matangani kuomba msamaha na kuuliza familia, kama walivyokubaliana. Kyakimwa alilia: “Muiache. Batoto banaisikia.” Mimi nilisema lizimwe kabisa. Mama Généreuse, aliyefunga safari kutoka Omate kuja kuzika pamoja nasi, alisema tu kwamba bila mkutano huo wanawake wenzake hawatasikilizwa popote. Tukamgeukia Mama.

Mama akasema: “Aliita batu. Tangazo liendelee mpaka siku ya mukutano. Lakini mukate pale anasema iko anawangojea.”

Mkurugenzi alisita. “Mama, yeye mwenyewe alitufundisha maneno ya muntu hayakatwake.”

“Mimi njo nilimufundisha kusema,” Mama akamjibu. “Mukate.”

Hivyo Jumatatu mtamsikia tena. Msiogope. Anawaalika kwenye mkutano, na mkutano utafanyika hapa mwezi wa nane, Mama Généreuse akiwa wa kwanza kusema. Siku hiyo sauti ya Habineza itanyamaza, kwa ruhusa ya mama yake.

Ameacha mama yake Libérata, mjane wake Kyakimwa, watoto wake Cindy na Tuyishime, mimi dada yake, Papa Mbusa na ukoo wote wa Butembo, na wanafunzi aliowachosha kwa maswali.

Kaka, watu watafika. Usiwangojee tena. Pumzika kwa amani.