Spika za Twalib na Benchi Fupi

Kijiwe cha Mizani, pale Kilwa Kivinje nyuma ya soko la samaki, kilikuwa na benchi la watu sita. Sasa wanakaa watatu, na wa nne anakaa nusu tako. Wenyewe ni wale wale. Kuna Idd, anayeitwa Mizani kwa sababu alipima korosho za watu miaka ishirini, na hajawahi kukubali kipimo alichopima mtu mwingine. Kuna Stefano, anayeitwa Gesi, aliyekuwa mlinzi wa visima vya gesi kule Songo Songo kwa miezi minane na hana hadithi nyingine zaidi ya hiyo miezi minane. Kuna mzee Tawakali mwenye birika, anayekumiminia kahawa kwanza halafu ndiyo anakuuliza kama unakunywa. Na kuna Twalib, fundi redio, jina la kijiweni Volti. Alasiri hiyo mbele yao, juu ya kreti la soda, zilikaa spika mbili alizozitengeneza Twalib mwenyewe nyumbani kwake: ndogo, za kuweka rafuni, kimo cha boksi la viatu, zimepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Zilikuwa zinaimba taarabu polepole kutoka kwenye simu ya Stefano. Nusu tako alikuwa Twalib, na kati ya wote yeye peke yake ndiye aliyetamani zinyamaze.

— Sikilizeni hiyo besi, alisema Stefano. Kule Songo Songo kulikuwa na bosi mmoja ana spika za Ujerumani. Angezisikia hizi, zake angefugia kuku.

— Ya kulia inakwaruza, alisema Idd.

— Haikwaruzi. Inasafisha koo.

— Inakwaruza, Gesi. Miaka ishirini nimesikiliza mizani. Chuma kikianza uongo mimi najua.

— Volti, wewe ndiye fundi. Inakwaruza?

— Kidogo, alisema Twalib. Gundi haijashika sawasawa.

— Gundi wapi, alisema Stefano. Ni bomba. Bomba la gesi limepita chini ya ardhi, linatetemeka, na mtetemo unaingia kwenye spika kupitia miguu ya kreti.

— Bomba lipite chini ya soko la samaki?

— Wewe umelichimba ukalikosa?

— Ni chumvi, alisema Idd. Hewa ya hapa ina chumvi robo kilo kwa kila pumzi. Spika za mlango wa gari la Noah hizi, zimezoea bara.

Mzee Tawakali alimjazia Idd kikombe ambacho hakijaisha.

— Nyote hamjui, alisema. Ni mbao. Mti ukikatwa mwezi mpevu unakoroma mpaka unaoza. Mimi nilikuwa na kitanda cha namna hiyo. Mke wangu wa kwanza alinilaumu mimi miaka saba, kumbe ni kitanda.

Wakacheka. Twalib naye alicheka, lakini alichelewa, na kicheko chake kikabaki peke yake hewani.

— Ila umbo lake nalipenda, aliendelea mzee Tawakali. Spika za dukani zimesimama wima kama askari wa getini. Hizi zimelala nyuma kidogo, zinakutazama usoni.

— Ndivyo inavyotakiwa, alisema Twalib. Sauti ipande mpaka sikioni.

Ulimi ulimtangulia, kama siku zote. Maneno hayo alikuwa ameyasema mwezi mzima, na kila akiyasema watu hutikisa kichwa kwa heshima. Hayakuwa kweli. Mbao zilikuwa zimekatwa mshazari kabla hajazigusa.

Zilikuwa mbao za stoo ya msikiti. Zinakaa nyuma ya jeneza, fupi fupi, mninga mkavu usio na kifundo hata kimoja, ncha moja imekatwa mshazari ili maiti akishalazwa kwenye mwanandani ziegemezwe juu yake vizuri, udongo usimguse. Kila ubao umeandikwa WAKFU kwa rangi nyekundu. Twalib alikuwa na ufunguo wa stoo kwa sababu ndiye anayetengeneza amplifaya ya msikiti. Kwenye simu alimwona fundi mmoja wa ng'ambo akisema boksi la spika linataka mti mzito, mkavu, na Kivinje nzima alikuwa hajaona mti mzito na mkavu kama ule. Akachukua mbao nne. Alijiambia anaazima, Ijumaa atarudisha nne mpya. Maandishi akayageuzia ndani, akajaza pamba ya mto, akafunga mgongo kwa skrubu. Zikapita Ijumaa tatu. Jumanne iliyopita akafa Bi Adija, muuza vitumbua.

— Nilisema mimi, alisema Stefano akisogea, na kwa kusogea kwake Twalib akabaki na robo tako. Benchi hili tutanunua ubao mwingine lini?

— Usiliseme vibaya benchi, alisema Idd. Limekwenda mahali pazuri.

— Sijalisema vibaya. Nauliza tu. Na hizo mbao za msikiti zilikwenda wapi? Khadimu alizihesabu mfungo uliopita zimetimia. Juzi kaburini zinapungua nne.

— Mchwa, alisema mzee Tawakali.

— Mchwa gani, mzee wangu? alisema Idd. Mchwa anakula nne nzima, za jirani yake hagusi? Huyo mchwa amesoma.

— Basi ni watu wa Miteja. Wanajenga sana siku hizi.

— Mtu ajenge nyumba kwa mbao nne za shubiri tatu? Nyumba ya bata?

— Mimi nitawaambia, alisema Stefano, akashusha sauti. Kuna biashara. Mninga uliokaa karibu na jeneza wanautafuta waganga. Wanasaga, wanafunga kwenye hirizi. Kule Songo Songo kulikuwa na mpishi mmoja...

— Gesi, mpishi wako muache.

— Mbao zinavuka bahari saa hizi. Ziko Ngazija. Mtu anazinusa.

— Aliyezichukua hatakwenda mbali, alisema mzee Tawakali. Mkono utamkauka. Namjua mmoja wa Kikole, aliiba mkeka wa msikiti, kila akikaa chini anawashwa. Amekula kwa kusimama mpaka amekufa.

Twalib alitazama mkono wake. Ulikuwa mzima kabisa, na hilo ndilo lililomuuma.

— Ila tumshukuru Volti, alisema Idd. Kama si yeye tungefedheheka.

— Kweli kabisa.

— Watu wamesimama, jeneza liko chini, jua la saa saba, khadimu anahesabu mara mbili mbili kama mbao zitaongezeka. Nani alikimbia? Volti. Nani alikuja hapa na msumeno wake, akakata benchi vipande vinne, na mshazari akauweka bila kupima? Volti. Mungu akulipe, mdogo wangu.

— Amin, walisema wote.

Twalib hakusema amin. Bila shaka hakupima, vipimo alikuwa navyo mkononi tangu mwezi uliopita. Siku ile pale kaburini watu wazima walimshika bega mmoja mmoja, na kila bega liliposhikwa alitamani angeshuka yeye mle shimoni badala ya zile mbao. Usiku wa kwanza alizifunika spika kwa kanga. Leo angeweza kuziacha nyumbani, lakini alikuwa ametamba nazo mno, na fundi asiyeleta kitu alichotamba nacho huulizwa kwa nini. Akazileta. Na taarabu ikaendelea, tamu kweli, maana mninga ule ulikuwa mkavu sana.

Ndipo akatokea Suleiman, mtoto wa Bi Adija. Yeye anafanya kazi Mtwara, alifika siku ya pili ya msiba, mama keshazikwa. Alikuwa na kofia mkononi na kandambili za marehemu baba yake miguuni.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykum salaam.

— Shikamoo, mzee Tawakali.

— Marahaba, mwanangu. Pole. Karibu kahawa.

Stefano alipunguza sauti ya simu. Suleiman aliangalia pa kukaa, akaangalia tena, akaona benchi linaishia ghafla, kwenye mti mweupe uliokatwa karibuni.

— Benchi limekuwaje?

Wakatazamana. Idd ndiye aliyejibu, kwa upole ambao kijiwe hakijawahi kumsikia nao.

— Liko kwa mama yako. Mbao zilipungua kaburini, tukakata hapa.

Suleiman aliinama. Akapapasa ule mkato kwa kiganja.

— Upande huu ndio alikuwa anaweka sinia la vitumbua, alisema. Asubuhi, kabla nyie hamjafika.

— Ndiyo huo huo.

— Ahsanteni, kaka zangu. Mungu awalipe.

— Mshukuru Volti, alisema Stefano. Ndiye aliyekata.

Suleiman alimpa Twalib mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. Twalib akaupokea. Hakukuwa na la kufanya zaidi ya kuupokea.

— Lakini za msikiti si huwa zipo? aliuliza Suleiman. Mama mwenyewe alichangia zile mbao, mwaka aliokufa baba. Zilikwenda wapi?

Mchwa, watu wa Miteja, waganga wa Ngazija, vyote vilikuwepo pale dakika tano zilizopita, na sasa hakuna aliyethubutu kumtajia mfiwa hata kimoja. Idd alitazama barabarani. Mzee Tawakali aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa.

Twalib alinyoosha mkono akazima spika.

Alitoa bisibisi kwenye mfuko wa shati. Akaigeuza ya kulia, ile inayokwaruza, akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilimchelewesha, alikuwa ameikaza mno.

— Unatengeneza sasa hivi, Volti? aliuliza Stefano. Tuna mgeni.

Twalib akavuta mgongo wa boksi, akachomoa pamba, akailaza spika mapajani ili ndani kuonekane. Rangi nyekundu ilikuwa bado mbichi machoni: WAKFU.

— Ziko hapa, alisema. Zote nne. Mbili humu, mbili kwenye hii nyingine. Nilichukua mimi.

Akainuka, maana hakuona tena ni kwa haki gani amekaa. Suleiman alilisoma lile neno, akalisoma tena kwa kidole. Kisha akakaa pale alipotoka Twalib, ukingoni, mkono juu ya mkato.

— Mama alisubiri muda gani? aliuliza.

— Saa nzima, alisema Twalib. Juani.

Idd Mizani alimtazama Twalib. Hakukibishia kile kipimo.