Soksi, Daftari na Mkono wa Cleotha Pettiford

Mchungaji, wafiwa, wanachuo na majirani mliobanana kwenye mabenchi haya, anayewasomea ni Verlene, dada mkubwa wa marehemu, familia imempa karatasi hii aisome kama ilivyoandikwa, na kwa kuwa kaiandika mwenyewe hatapata taabu.

Marehemu Cleotha Pettiford alizaliwa Jumapili tarehe 9 Novemba 1941 hapa Sandy Fork, Alabama, mtoto wa tano wa Mzee Ezell na Mama Lovie, akatoka amekunja ngumi ya kulia, mkunga akasema huyu kaja ameshika kitu. Alianza shule ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kanisa hili mwaka 1948, akamaliza sekondari Mei 1960, hesabu akiziweza na mengine akiyavumilia, kisha akaajiriwa kiwanda cha mbao, na huko akawa mrushaji wa timu ya besiboli ya kiwanda, yule anayemtupia mpigaji mpira, hadi bega lilipogoma mwaka 1966.

Tarehe 15 Juni 1968 alifunga ndoa na Idella Mae Crenshaw, ambaye wakati huo alikuwa na mchumba mwingine, mchumba huyo yupo humu ndani na hatutamtaja, leo amevaa tai ya kijani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Renetta mwaka 1969, Harlon 1972 na Odessa 1976, na wajukuu saba.

Tarehe 1 Machi 1971 Chuo cha Tolliver kilimwajiri kukata nyasi za uwanja wa besiboli, na Februari 1978, baada ya kuonekana akiwaelekeza vijana kwa kichwa huku mashine ikinguruma, akakabidhiwa warushaji, akawalea kwa miaka thelathini na mitatu. Idella naye alikuwa akifua nguo za timu nyumbani kwao, na hapo ndipo ubishi ulipoingia katika ndoa ile, maana warushaji wa Tolliver walikuwa na tabia moja iliyoushinda mji mzima, wiki tatu hawagusiki, wapigaji wa timu nyingine wanapiga hewa tu, halafu wiki tatu zinazofuata wanapigwa kama ngoma.

Kila mtu alikuwa na sababu yake, kinyozi alisema ni wasichana wa kantini, mchungaji wa zamani alisema ni kulala bila kusali, mashemasi walisema ni kambare wa kukaanga kabla ya mchezo, lakini Idella alijua ni soksi, timu ikishinda soksi hazifuliwi hadi ziweze kusimama zenyewe, ikianza kushindwa zinachemshwa zote. Cleotha alikuwa na daftari la jalada jeusi, kila mpira uliorushwa aliuandika, na alichokiona humo ni kwamba mkono wa kijana ni uleule wiki nzuri na wiki mbaya, ila mpira ukishapigwa, leo unamwendea mtu mwenye glovu, anaudaka na mpigaji anatoka, kesho unadondoka kwenye nyasi pasipo na mtu, basi watu wanaita baraka na mkosi.

Idella alikuwa akimwambia mezani, "Cleo, toa daftari lako kwenye mkate wangu wa mahindi, soksi ndizo zinazorusha." Naye anajibu, "Sawa, mke wangu, Jumamosi tuzipeleke soksi peke yake, vijana wapumzike."

Aprili 1994 timu ilishinda mara tisa mfululizo, kisha ikashindwa mara nane, mkuu wa michezo wa wakati huo, Bwana Rudd, akaja hadi barazani, miguu haitulii, akasema, "Pettiford, mbadilishe Lucious Battle namna anavyorusha, la sivyo ikifika Ijumaa natafuta mtu mwingine."

Marehemu hakuinuka. "Bosi, tuliposhinda tisa ulikuja kuniambia nimbadilishe?"

"Nije kwa nini? Tulikuwa tunashinda!"

"Basi ni mkono uleule. Makocha wawili walionitangulia walitengeneza mikono ambayo haikuwa imeharibika, na wale vijana hawakurusha tena vizuri. Niondoe mimi, mkono wa Lucious uache."

Wiki ile Idella hakula, maana kulikuwa na Odessa anayekaribia kwenda chuo, akachemsha soksi mara mbili, na Ijumaa Lucious akapanda kurusha, wakampiga mipira mikali kweli, lakini kila mpira ukaenda moja kwa moja kwenye glovu ya mwenzake, Tolliver ikashinda mbili kwa bila. Bwana Rudd alimkumbatia marehemu mbele za watu akimwita fundi, naye akamwambia, "Leo karusha vibaya kuliko Jumanne tuliyoshindwa." Idella alikuwa jukwaani anapiga kelele, "Nilizichemsha! Nilizichemsha!"

Marehemu alistaafu Juni 2011, akaanza kuugua figo mwaka 2016, akatibiwa kwa upole mkubwa, na mwezi huu timu ikiwa imeshinda mara kumi na moja alikuwa bado anasikiliza redio akiandika. Asubuhi ya Jumanne tarehe 16 Aprili 2019, Idella alimshika mkono akamwambia, "Baba Renetta, miaka hamsini nimebishana na wewe, niambie ukweli, ni soksi au si soksi?" Akatabasamu, akasema, "Muulize dada," akafumba macho, na saa nne na dakika kumi akatutoka.

Sasa dada anayetajwa ndiye huyu anayesoma, aliyehamia kwao Septemba 1980 baada ya mumewe kwenda Detroit kununua friji na asirudi hadi leo. Chumba alichopewa dirisha lake lilikuwa juu ya gunia la soksi, harufu ilimhamisha hata mbwa, basi kila timu iliposhinda, wifi yake akienda mazoezi ya kwaya, Verlene alizifua zote, akazikausha, akazipaka udongo mwekundu wa bustanini, akazirudisha guniani, kwa miaka thelathini na mmoja, na alidhani hakuna aliyejua.

Jumatano tulifungua madaftari kutafuta tarehe za historia hii, tukakuta pembeni mwa michezo mingi herufi V, Harlon akasema ni alama ya ushindi, lakini V zilikuwepo hata siku za kushindwa, na ukurasa wa mwisho wa daftari la mwisho marehemu ameandika, "V ni Verlene kafua. Tukishinda, tukishindwa, sawasawa. Idella asiambiwe, anafurahi sana tukishinda." Idella alisoma mara mbili, akamtazama wifi yake, akasema, "Mchawi wewe, udongo wa bustani yangu!" kisha akacheka hadi majirani wakaja kumbembeleza wakidhani analia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, Chuo cha Tolliver, Lucious Battle aliyesafiri kutoka Ohio kubeba jeneza kwa mkono uleule, majirani kwa kuku na pai za viazi vitamu, na mwenye tai ya kijani kwa maua makubwa kuliko ya ndugu.

Marehemu amevalishwa soksi za ile Ijumaa ya 1994, na kwa kuwa vijana wanacheza leo saa tisa, Idella na Verlene wamekubaliana wasimwambie mtu kama zimefuliwa. Cleo, mkono umefanya kazi yake, uweke chini sasa, upumzike kwa amani.