Bosi Kasema Tu

Fundi viatu alikuwa anasinzia kwenye treni ya asubuhi, akazinduliwa na maneno ya kiti cha mbele. Dereva wa bosi mmoja mgeni alikuwa anamweleza masaibu yake mpishi aliyekaa dirishani.

“Dada, jana kaniambia kwa Kiingereza, ‘Nina ndege saa tatu.’ Nikampa hongera. Ndege ikamwacha.”

“Kaka yangu, ile ilikuwa amri. Wale hawatumi mtu, wanaarifu tu. Mama bosi wangu akisema jikoni kuna joto, mimi nafungua dirisha.”

“Sasa jioni kasema, ‘Kesho nitaendesha mwenyewe.’ Naona kanihurumia, kanipumzisha.”

Mpishi akamtazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua. “Umefukuzwa.”

“Angesema.”

“Si kasema.”

Kiingereza cha fundi viatu kiliishia kwenye namba za soli, lakini hapo hata yeye alielewa.

“Basi niende kazini au nirudi nyumbani?” dereva akauliza.

Treni ikapunguza mwendo. “Mimi nashuka hapa,” mpishi akasema.

Dereva akakunja uso, anatafuta amri iliyojificha humo.

“Miguu, kaka. Nipishe.”